Nilibaki na Maneno Yako

Dada Moraa,

Nimeacha pombe. Nimeanza na hilo kwa sababu najua hata salamu usingenipa kabla ya kuniinamia na kuninusa mdomo, kama mtu anayenusa maziwa ya juzi. Ni mwezi wa kumi na tisa sasa, ukitoa Jumamosi moja nitakayokueleza. Cheka tu. Hata mimi nilipoambiwa nihesabu miezi nilicheka.

Shemeji amekonda lakini yupo. Kesi yake ya kuomba hifadhi ya ukimbizi bado iko pale pale ulipoiacha, anaendelea kungoja tarehe. Binti yako Kerubo ana miaka kumi na miwili, ananifikia begani, anaelewa Kiswahili chote na anajibu Kiingereza chote. Ukimwambia "njoo ule" anakujibu kwa lugha ya walimu wake, lakini anakuja na sahani. Anapenda ugali wa jana uliokaangwa, na hilo hakufunzwa na mtu. Nikimwona anakwangua sufuria namwona nani? Wacha tu.

Mimi sikai tena kule bezimenti, chini ya nyumba yenu Lakeville. Nimepanga chumba Maplewood, nyuma ya ile nyumba ya wazee ninayofanyia kazi. Naenda kazini kwa miguu, na majirani wananionea huruma, maana huku Amerika hata mbwa hupelekwa matembezini kwa gari. Leseni nilirudishiwa mwaka jana. Nimenunua kigari kizee kinacholia breki, lakini asubuhi bado natembea. Nikikaa kwenye gari saa hizo nakukumbuka sana, na siwezi kuingia kwa wazee macho yakiwa mekundu, wataanza kuniuliza maswali.

Ulinibeba miezi kumi na minne, Moraa. Walipochukua leseni yangu kwa kuendesha nikiwa nimelewa, hukusema neno. Ulienda tu ukaomba shifti yako hospitalini ilingane na yangu. Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya kukata masikio, unatoka na slipa juu ya soksi kuwasha gari lipate joto, unarudi ndani kuniamsha kwa kugonga mabomba ya bezimenti na mwiko. Chai yangu kwenye kikombe chenye mfuniko. Mahubiri uliyaweka akiba ya Jumamosi, ndani ya gari swali lilikuwa moja: "Leo wazee wamekuambia nini?" Nami nakueleza habari za yule bibi aliyeamini mimi ni daktari wa meno, na wewe unacheka mpaka unapitiliza pa kutokea. Siku moja tu, tumesimama kwenye taa nyekundu, ulisema bila kunitazama: "Osoro, nikifa kabla hujaacha, nitarudi nikuchape."

Ukafa kabla sijaacha. Nikangoja kuchapwa.

Acha nirudie siku ile, kwa sababu tulikuwa wawili tu na sijawahi kuisimulia yote. Jumanne mchana. Shemeji amekwenda kumchukua Kerubo shuleni. Saratani ilikuwa imekumaliza kwa miezi mitatu tu, mikono yako imebaki kama ya msichana mdogo, nami nimekaa pale natafuna peremende za minti kuficha harufu, kana kwamba nesi aliyefanya kazi miaka kumi na moja hajui harufu. Ulinipa maagizo mawili. La kwanza: "Msiweke ile picha ya mahafali. Mashavu yangu pale ni kama nimeficha viazi." Tukacheka, ukakohoa, nikakupa maji kwa kijiko. La pili ulilisema macho yamefumba: "Mwambie Mama jana niliogopa. Leo siogopi. Mwambie hivyo hivyo." Nikasema nitamwambia. Ukauliza kama Kerubo amekula. Shemeji alipoingia ulikuwa umelala, na hukuamka tena.

Desturi yetu unaijua kuliko mimi. Anayeleta mwili ndiye husimama mbele ya watu, awasalimu wakwe na wazee kwa mpangilio wao, kisha aeleze ugonjwa ulianzaje, mgonjwa alitibiwa wapi, nani alimkalia, na mwisho wake alisema nini. Watu hukaa kimya kabisa wakati huo. Hata watoto hushikwa. Mzazi anaweza kuvumilia mengi, ila si kuzika mtoto bila kusikia alivyokwenda. Na mleta mwili nilikuwa mimi. Shemeji akitoka nchi hii na kesi haijaisha, harudi, na Kerubo abaki na nani? Mimi nilikuwa na grini kadi, kibali cha kutoka na kurudi. Mwanamume mzima, ndugu wa tumbo moja. Hata mjadala haukuwepo.

Siku zote za matanga pale kwenu sikugusa tone. Nyumba imejaa, wamama wanakaanga mandazi jikoni kwako na kuuliza sukari iko wapi, mikono yangu inatetemeka, na hakuna aliyeshtuka kwa sababu kila mtu alikuwa anatetemeka. Nilijiona shujaa. Watu kumi na wawili walinisindikiza uwanja wa ndege, pasta akaniwekea mkono kichwani, nikapita ukaguzi, nikaona ndege. Zilibaki saa mbili. Mbele ya geti letu la kupandia ndege palikuwa na baa. Nikajiambia: moja tu, mikono itulie, nisije nikamwaga chai mbele ya wakwe zake.

Baadaye niliambiwa waliliita jina langu mara tatu. Mimi nilichosikia ni mama mfagizi akiniinua miguu apitishe ufagio. Viti vyote vilikuwa vitupu. Jua bado linawaka nje, mchana mwangavu, na wewe uko angani peke yako.

Sijui nikuombe msamaha vipi kwa hilo. Nimejaribu sentensi nyingi hapa na nimezifuta.

Shemeji alipiga simu nyumbani kabla jeneza halijatua. Alisema: "Osoro amezuiwa. Mambo ya karatasi." Basi. Unatujua sisi watu wa huku, dada. Kuna uongo mwingine utaulizwa maswali, lakini ukitaja karatasi kila mtu huinamisha kichwa. Hakuna anayeuliza karatasi gani. Badala ya kulaaniwa nikaonewa huruma. Mama akanitia kwenye maombi. Kanisani kwake wale wamama wa Ijumaa wakaanza kufunga kwa ajili ya karatasi zangu, na karatasi zenyewe zilikuwa mfukoni mwangu, kwenye pochi, karibu na kadi ya basi.

Pale kwa wakwe zako hakuna aliyesimama kueleza. Binamu ya Shemeji alisoma kwenye programu: alizaliwa, akasoma, akaolewa, akaugua kwa muda mfupi. Mama alirudi nyumbani na hayo. Na juu ya programu waliweka picha gani? Ndiyo. Viazi vyote viwili. Nilipotumiwa kwenye simu nililia, halafu nikacheka, halafu nikaenda dukani kununua chupa.

Shemeji hakunifukuza. Nilikuta tu sanduku langu gereji, limefungwa vizuri, na nguo zimekunjwa. Miezi saba hakuniambia hata "habari yako". Nilikuwa nampigia Mama kila Jumapili, najibu "bado, Mama, bado wanazishughulikia," na siku ile nzima nakunywa. Nilijaribu vikundi, nikajaribu vidonge, nikaombewa mara mbili na mafuta. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeanza kuwa njano machoni.

Kwenye kliniki nilikopelekwa kwa ajili ya ini ndipo nilipoona tangazo ukutani. Chuo kikuu kinatafuta watu walioshindwa kuacha pombe, kwa utafiti wa dawa itokanayo na uyoga. Si wa mchuzi, ni ule unaochezesha akili, lakini wanaupima maabara, wanamkalisha mtu chini ya macho ya wataalamu, na wanazungumza naye wiki nyingi kabla na baada. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Umesahau? Mvua za kwanza, wewe una miaka tisa, mimi sita, kwenye kichuguu nyuma ya boma. Niliokota uyoga mzuri wenye kofia nyekundu, ukanipiga kofi la mkono mpaka huo uyoga ukadondoka. "Huo unaua! Unataka Mama akose mtu wa kuchunga ng'ombe?" Sasa mdogo wako amefika Amerika anajiandikisha kupewa uyoga na hospitali.

Nilimweleza Shemeji kwa sababu walitaka mtu wa kunichukua baada ya dawa, na sikuwa na mtu mwingine. Akasema: "Yaani umevuka bahari, ukapata grini kadi, ili Wazungu wakulishe uyoga wa porini?" Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu kwa miezi saba. Siku ilipofika alikuja.

Walionishughulikia walikuwa wawili. Ellen, mama wa Kizungu mwenye soksi za kufuma na sauti ya kubembeleza mtoto, na Tou, kijana Mhmong, kabila lililotoka Asia, mzaliwa wa hapa hapa Saint Paul, mpole, anayesubiri umalize kusema ndipo avute pumzi. Tulikutana mara nyingi kabla ya dawa. Nilidhani wataniuliza nakunywa chupa ngapi. Waliniuliza kuhusu wewe. Wakanifunza jambo moja: ukiona kitu cha kutisha usikikimbie, kisogelee ukiulize kimekuja kukufunza nini. Kisha Ellen akauliza kama akinishika mkono wakati wa dawa nitakubali, tukafanya mazoezi ya kushikana mkono, watu wazima wawili, mchana kweupe. Nilimwazia pasta akitukuta vile. Nilikaribia kuangua kicheko.

Mara ya kwanza sikuona kitu. Kapsuli kwenye kikombe kidogo, kochi, blanketi, kitambaa cheusi machoni, muziki wa vinanda masikioni, mtu anakuja kupima presha kila mara. Nikalala fofofo, nikakoroma. Niliamka na njaa. Utafiti ulikuwa hivyo: wengine siku ya kwanza hupewa dawa ya kulinganishia tu, na hata Ellen na Tou hawakujua mimi nimepewa ipi. Lakini nilijua. Nilishuka pale nimekata tamaa. Shemeji akaniuliza ndani ya gari, "Umemwona Mungu?" Nikamwambia nimeona usingizi. Akacheka, dada. Shemeji alicheka.

Mara ya pili kila mtu hupewa ile yenyewe.

Sitakuambia ilikuwa raha. Wako watu waliopita pale waliosema waliona nuru, walielea, walikuwa kitu kimoja na mito na nyota. Mimi nilianza kwa kichefuchefu na baridi. Baridi ilizidi, na giza, na mngurumo, na nikajua niko wapi: tumboni mwa ndege, kwenye mizigo. Kuna masanduku yamefungwa nyavu, kuna mbwa ndani ya kizimba analia, na kuna wewe. Nilitaka kutoka. Nilipiga kelele. Mkono wa Ellen ukanishika, na Tou akasema taratibu, kaa, uko salama, kaa nacho. Nikakaa. Nikakaa sakafuni kando yako. Nilikuuliza umekuja kunifunza nini, na hukujibu, na sikuona uso wako. Nilikuwa tu nimekaa pale nilipopaswa kukaa. Nililia kilio ambacho sikukilia matangani, cha kutoka tumboni, kamasi na kila kitu. Nikaja kuhisi huruma kwa yule mtu aliyelala pale kitini getini, kama ningemhurumia mzee wangu yeyote kazini aliyejikojolea. Sikuwa nimewahi kumhurumia.

Baadaye wakaniambia nilizungumza karibu saa nzima, kwa lugha wasiyoijua. Walidhani nasali. Vikao vile hurekodiwa, na wiki iliyofuata waliniwekea nisikilize. Moraa, nilikuwa nahutubia msiba wako. Nimeanza vizuri kabisa: "Wakwe zetu, wazee wangu, wamama, nyote kwa heshima zenu." Nimetaja maumivu yalivyoanza mgongoni ukidhani ni kwa kuinua wagonjwa. Nimetaja hospitali, nimetaja nesi aliyekusuka nywele, nimetaja siku uliyokataa kula ila supu ya kuku ya Shemeji. Sauti yangu imenyooka, utadhani mtu mwenye heshima zake. Nikafika Jumanne mchana. Nikasema, "Na dada yetu akasema..." Halafu kimya. Vinanda tu. Nimenyamaza mpaka mwisho wa kanda.

Niliwatafsiria yote. Ellen alifuta macho. Tou aliuliza swali moja: kule kwetu, yale yaliyobaki huambiwa nani? Kwao msiba huchukua siku kadhaa, alisema, na kila neno lina mwenyewe. Nikamwambia mwenyewe ni Mama.

Usidhani basi nilitoka pale nikiwa malaika. Kiu ilipungua, hilo ni kweli, ilirudi nyuma kama mtu aliyekemewa. Lakini siku ya kumbukumbu yako, Jumamosi, nilikunywa makopo mawili nikiwa nimekaa kitandani. Hayakuwa na ladha, na niliyamaliza. Jumatatu nikamwambia Ellen mwenyewe, bila kuulizwa, bila minti. Hilo kwangu lilikuwa jipya kuliko uyoga. Akasema tuanze tena tulipo, na tukaanza.

Mama nilimwambia Jumapili moja baada ya ibada yake. Nilikuwa nimejipangia maneno, nimeyaandika hata kwenye karatasi. Akaanza yeye: "Wamama wanane wamefunga Ijumaa kwa ajili yako, mmoja ana sukari na bado alifunga." Sikuweza, dada. Nikamkatiza. Nikamwambia karatasi ninazo, nilikuwa nazo siku ile, hakuna aliyenizuia, nililewa pale uwanja wa ndege ndege ikaniacha, na Moraa akasafiri bila mtu. Nikasikia kuku wanalia upande wake. Nikasikia anahema. Akasema: "Mama Nyaboke ana sukari, Osoro." Kisha akakata simu.

Wiki tatu. Nilipiga kila siku, hakushika. Wiki hizo tatu nilitamani pombe kuliko wakati wowote wa maisha yangu, nikawa naenda kuketi na wazee hata siku zangu za mapumziko, nawakata kucha. Siku aliyopiga nilikuwa nimeshika mguu wa mtu. Nikamwambia, Mama, kuna maneno Moraa alinipa nikuletee. Nikafungua mdomo niyaseme, hatimaye. Akanizuia kwa ukali wake ule: "Nyamaza! Maneno ya mtoto wangu hayasemwi kwa simu. Uyalete kwa miguu yako. Utasimama kule kwa wakwe zako utoe salamu kama mtu, halafu utayasema. Na wale wamama utawaomba msamaha mmoja mmoja, kila mmoja kwake, uanze na mwenye sukari." Nikajibu ndiyo, Mama. Akauliza kama ninakula. Nikajua bado nina mama.

Nilikwenda Lakeville kumwambia Shemeji nimekata tiketi. Alikuwa anafyeka nyasi mbele ya nyumba. Akazima mashine, akajipangusa jasho kwa mkono wa shati, akaangalia barabarani kwa muda. "Nenda na mtoto," akasema. "Hajaona alipozikwa mama yake, na mimi sijui nitamaliza lini na hawa watu." Nikamuuliza, Shemeji, unaniamini? Akasema, "Hapana. Lakini nenda naye." Akawasha mashine tena. Nilisimama pale hadi akamaliza upande mzima, nikamsaidia kukusanya nyasi kwenye mifuko.

Likabaki moja. Kerubo naye alikuwa amelishwa ule uongo wa karatasi. Nikamwambia Shemeji siwezi kusafiri na mtoto aliyedanganywa, na Shemeji akasema mwambie wewe, ni yako.

Juzi nilimpeleka kusukwa kwa yule mama Mkongomani wa Saint Paul, anayeita kila mtu "mupenzi" na kuvuta nywele kama anang'oa muhogo. Saa tano nzima. Ametoka pale amependeza, Moraa, paji la uso lako kabisa. Tulikuwa tumekaa ndani ya gari, sijawasha. Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili, polepole, bila kupamba: pombe, baa, usingizi, ndege. Nikamwambia pia kuhusu dawa, na kwamba kuna siku nilirudia pombe baada ya dawa. Nikamwambia akikataa kwenda na mimi, nitaelewa, na baba yake ataelewa.

Hakulia. Aliuliza maswali mawili, kwa Kiingereza chake. La kwanza, kama mama yake alikuwa huko chini ya ndege peke yake njia nzima. Nikasema ndiyo. Akageukia dirishani, akawa anachezea ncha ya msuko. Nilitamani ardhi inimeze. La pili, kama tutapita uwanja ule ule na geti lile lile. Nikasema uwanja ule ule, geti sijui. Akarudia kuchezea msuko. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitamwambiaje Mama kwamba mtoto hatakuja.

Ndipo akasema, kwa Kiswahili, kile cha kuokota neno moja moja: "Anko. Pasipoti nashika mimi."

Nikasema sawa.

"Zote mbili," akasema.

Nikasema zote mbili.

Basi nalala mapema leo, dada. Ndege ni kesho saa nane mchana. Sikuahidi maisha yote, kwa sababu Ellen alinikataza kuahidi maisha yote, alisema niahidi kile ninachoweza kukishika. Nakuahidi kesho. Nitaketi getini na mtoto wako mpaka watuite, tutaingia pamoja na tutashuka pamoja, na nikifika nitasimama mbele ya wakwe zako nisalimie watu kwa mpangilio wao, nimwambie Mama kwamba siku moja kabla uliogopa na siku ile hukuogopa. Hivyo hivyo ulivyosema. Nikimaliza nitakaa chini. Wewe pumzika sasa, umenibeba vya kutosha.

Jioni hii nilimpigia Kerubo nikamwomba pasipoti yangu, nikasema nataka kunakili namba kwenye fomu, nitapita kuichukua. Akaniambia nisijisumbue kuja. Akanisomea namba kwa simu, tarakimu moja moja, akanifanya nizirudie.

Mdogo wako,
Osoro